Umeomba, Umefunga, na Bado Unaogopa: Mwongozo Kamili wa Kuikabili Hofu Moja kwa Imani

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nimeombewa, nimefunga siku tatu, nimekwenda kesha, lakini nikifika mlangoni kwa mwenye nyumba miguu inakataa." Kwa mwingine ni feri ya Likoni, hapa Mombasa. Mwingine amepangiwa kusoma somo Jumapili, na Jumamosi usiku hapati hata lepe la usingizi. Mwingine anajua fika kwamba anafaa kupimwa presha, na kila akikaribia dispensari anakumbuka kwamba ameacha nguo kwenye kamba.

Hofu ni mbalimbali, ila mahali pa kukwama ni pamoja. Watu wanangoja hofu iondoke kwanza ndipo waende. Wanaomba waamke siku moja moyo ukiwa mtulivu, na siku hiyo haifiki.

Soma Nehemia sura ya 2 uone mambo yalivyopangwa. Mfalme anamuuliza Nehemia, mnyweshaji wake, mbona uso wake una huzuni, naye Nehemia anaandika mwenyewe: "Ndipo nikaogopa sana." Mfalme anamuuliza ana haja gani. "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni." Na mstari unaofuata tayari anamjibu mfalme. Ameogopa, ameomba, amesema, yote katika kikao kimoja, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba hofu ilimtoka katikati. Hatua zote zilizomo humu zinafuata mpangilio huo.

## Vitu vya kuandaa

- Biblia unayoielewa. Maandiko niliyoyanukuu ni ya Union Version kwa kuwa ndiyo wengi wetu tuliyokariri tukiwa watoto, lakini tafsiri yoyote itafaa.
- Daftari dogo na kalamu. Usiandike kwenye simu. Ujumbe mmoja ukiingia, umeshatoka kwenye kazi yako.
- Kikaratasi kimoja cha kukaa nyuma ya simu, ndani ya kava.
- Mtu mmoja wa kukusindikiza. Namna ya kumchagua iko hatua ya 4.
- Robo saa asubuhi kabla ya kushika matatu, na dakika tano usiku.
- Wiki kadhaa. Hofu uliyoilea tangu utotoni haitaisha kufikia Ijumaa.

Huhitaji mafuta ya upako, wala maji ya chupa yaliyoombewa, wala "mbegu" ya kutuma kwenye namba ya mtu wa redioni. Anayekuuzia ujasiri anaishi kwa hofu yako, na hana haraka ya kuona imekwisha.

## Hofu zisizohusika na mwongozo huu

Pale Nyali kuna mtaa unaitwa Kengeleni. Jina lilitokana na kengele ya Freretown, kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, iliyokuwa ikipigwa kuwaonya kwamba hatari inakuja. Hofu nyingine ni kengele ya namna hiyo, na kengele ya hatari haiombewi inyamaze.

Ukiogopa kupita uchochoro fulani Kisauni saa nne usiku kwa sababu watu wamevamiwa hapo, hiyo ni busara. Pita barabara kuu au ita bodaboda unayemfahamu. Yesu alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu alijibu kwa Maandiko: "Usimjaribu Bwana Mungu wako."

Ukimwogopa mtu wa nyumbani kwako kwa sababu anakupiga, usitumie hatua hizi kujizoeza kuishi naye. Tafuta pa kukaa salama, mwambie mtu, piga 1195, namba ya bure ya kuwasaidia wanaodhulumiwa kijinsia. Ukiambiwa na kiongozi wa kanisa uvumilie na kuomba tu, tafuta kiongozi mwingine.

Na kuna hofu ya mwili. Kifua kinabana, pumzi inakatika, unadhani unakufa, na hujui kimetoka wapi. Hiyo ipimwe hospitali kwanza, maana moyo wenyewe unaweza kuwa na shida. Ukikosa usingizi kwa wiki kadhaa, ukaacha kula au kwenda kazini, au ukaanza kuwaza kujitoa uhai, usisubiri Jumapili. Nenda Makadara, yaani Coast General, au Port Reitz kwenye huduma ya afya ya akili, leo hii. Kumeza dawa hakupunguzi imani ya mtu. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwandikia Timotheo kuhusu kitu cha kutumia kwa ajili ya tumbo lake badala ya kumlaumu kwa kuumwaumwa.

Kama yako haimo kati ya hizo tatu, endelea.

## Hatua ya 1: Iandike hofu yako kwa sentensi moja

Andika kitendo, mahali, na kile unachodhani kitatokea. "Naogopa maisha" haikusaidii kitu, huwezi kuitafutia siku wala saa. Linganisha na hii: "Naogopa kumwambia mwenye nyumba kwamba mwezi huu nina nusu ya kodi, kwa sababu atanifokea uani mbele ya wapangaji."

Ukishaandika, jiulize "halafu?" mara mbili tatu. Atanifokea. Halafu? Majirani watasikia. Halafu? Mama wa chumba cha pili atajua sina pesa. Hapo ndipo inapojitokeza kwamba mtu haogopi kodi, anaogopa aibu. Na ukijua ni aibu, dawa nusu umeipata: utampigia mwenye nyumba simu, au utamfuata kwake jioni, badala ya kungoja akukute uani.

Kutaja hofu wazi si kuipa Shetani nafasi, ingawa wapo wanaofundisha hivyo. Gethsemane Yesu aliwaambia wanafunzi watatu jinsi roho yake ilivyokuwa na huzuni nyingi kiasi cha kufa. Daudi katika Zaburi anataja adui zake, mifupa yake, machozi yake, hata kitanda chake.

Pembeni andika namba kati ya 0 na 10, sifuri ikiwa utulivu na kumi ikiwa ndiyo hofu kubwa kuliko zote. Utaihitaji baadaye.

Angalizo: hofu moja tu. Anayeanza na tano huacha zote.

Utajua umefaulu mtu mwingine akiisoma sentensi yako na kujua kinachopaswa kufanywa, wapi, na nani yuko upande wa pili.

## Hatua ya 2: Badilisha ombi lako

Wengi huomba "Bwana, niondolee hofu," kisha hukaa kujisikiliza kama imeondoka. Kadiri unavyojisikiliza ndivyo unavyosikia mapigo ya moyo, na kadiri unavyoyasikia ndivyo unavyoogopa.

Omba hivi: "Bwana, naogopa ______. Leo nitafanya ______. Nishike mkono." Jaza nafasi hizo kwa maneno ya daftari lako. Ombi hili lina siku na lina kitendo ndani yake, kwa hiyo ukisema "Amina" unajua unapoelekea. Lisome asubuhi kwa sauti. Kwa mchana lifupishe libaki "Nishike mkono", lile la kusemwa ngazini, kwenye foleni, au mtu akiwa ameshafungua mlango. Petro alipoanza kuzama hakuwa na nafasi ya utangulizi. Alisema, "Bwana, niokoe."

Kuna mtego hapa ambao watu wazuri kabisa wa kanisani huingia: maombi yanageuka mafichoni. Mtu anatangaza siku saba za maombi kabla ya kupiga simu ya dakika mbili, siku saba zikiisha anaongeza nyingine, na kila mtu anamsifu. Ni kweli Nehemia aliomba kwa miezi tangu aliposikia habari za Yerusalemu. Lakini mfalme alipouliza, hakuomba likizo akafunge zaidi. Alikuwa na majibu tayari: muda wa safari, barua za maliwali, hata mti wa kujengea kutoka msitu wa mfalme.

Kwa hiyo sehemu ya maombi yako iwe kuandika utakachosema. Kwa mwenye nyumba: "Shikamoo mzee. Mwezi huu nina nusu, hii hapa. Iliyobaki nitaleta tarehe ishirini. Nimeona nije nikwambie mwenyewe kabla hujaniuliza." Sentensi nne. Ukiwa na hofu, ulimi hautungi maneno mapya, unatoa yale uliyouzoesha.

Angalizo: usipange tendo gumu siku unayofunga. Njaa hutetemesha mikono na kuufanya moyo upige mbio, nawe utadhani ni hofu. Eliya alipokimbia akaomba afe, Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, akala tena, ndipo wakazungumza.

## Hatua ya 3: Chukua andiko moja, ulifungie kwenye pumzi

Moja, si ukurasa mzima. Akili iliyoshikwa na hofu haibebi mengi. Lakini lichague likiwa linafanana na hofu yako.

Kwa hofu ya kusimama mbele ya watu, nenda 1 Wakorintho 2:3, ambako Paulo anakiri alikuwa kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi." Mtume alitetemeka na ujumbe ukafika. Kwa usiku usio na usingizi, Zaburi 4:8: "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara." Kwa majibu ya hospitali, Zaburi 23:4. Kwa pesa na kesho, Mathayo 6:34, lile la "Yatosha kwa siku maovu yake," ambalo halikuahidi siku isiyo na maovu na ndiyo maana naliamini. Ukishindwa kuchagua, tumia Zaburi 56:3: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Linakubali kwamba siku ya hofu ipo.

(Ule ujumbe wa WhatsApp kwamba "usiogope" imo mara 365 katika Biblia, moja kwa kila siku ya mwaka, ukihesabu mwenyewe hufiki huko. Haidhuru. Mara moja iliyoandikwa kwenye kikaratasi chako inatosha.)

Andika andiko kwenye kikaratasi. Kisha ligawe mara mbili. Ukivuta pumzi kwa pua, sema moyoni "Siku ya hofu yangu". Ukiitoa taratibu kwa mdomo, sema "nitakutumaini Wewe". Kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Sababu ni ya kimwili kabisa: pumzi inayotoka polepole huutuliza moyo unaokwenda mbio. Mungu ndiye aliyeuumba mwili hivyo, basi utumie.

Rudia mara kumi asubuhi na mara kumi usiku wakati umetulia. Anayengoja kujifunza siku ya hofu yenyewe hukuta amesahau hata herufi ya kwanza.

Utajua umefaulu andiko likikujia lenyewe ukiosha vyombo.

## Hatua ya 4: Mwambie mtu mmoja

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayowaangusha wengi. Tunaona haya. Mkristo wa miaka ishirini, mwalimu wa shule ya Jumapili, atamwambia nani kwamba anaogopa feri?

Tafuta mwenye sifa tatu: anatunza siri, hacheki, na simu yake hupokelewa. Awe wa jumuiya yako, wa seli, shangazi, au jirani mwenye kumcha Mungu. Mchungaji si lazima. Kwa kawaida ana watu wengi mno, naye atakuombea vizuri kisha asahau kukuuliza ulifikia wapi.

Kwa mtu mzima kuliko wewe sema: "Shikamoo mama. Nina jambo nataka unishike mkono, ila si la kutangazwa." Kisha msomee ile sentensi ya hatua ya 1 na umweleze kazi yake: akuombee saa fulani siku ya tendo, apokee simu yako mara tu ukimaliza, na asikufanyie tendo lenyewe hata ukimbembeleza. Hilo la mwisho msisitizie. Mama zetu wana huruma, atakwambia "leta nimpigie mimi huyo mwenye nyumba," na wewe utabaki na hofu yako nzima.

Angalizo: usiipeleke kwenye grupu la kanisa la WhatsApp. Kufikia jioni itakuwa mada ya maombi ya watu mia mbili, mmoja atakutumia video ya ajali, mwingine atakwambia ni roho ya ukoo.

Na asipofika? Yesu aliwaomba watatu wakeshe naye saa moja, wakalala. Aliwaamsha, wakalala tena. Aliendelea na lililo mbele yake.

## Hatua ya 5: Jenga ngazi

Ukilikwepa jambo unaloogopa, unapata nafuu papo hapo. Nafuu hiyo ni tamu, na inaifundisha akili kwamba uliokoka kwa kukimbia. Kesho hofu inakuja kubwa zaidi. Ukilisogelea kidogo kidogo na kukaa hapo bila kukimbia, hofu hupanda, hufika kilele, kisha huanza kushuka yenyewe. Mwili hauna nguvu za kubaki kileleni siku nzima. Akili ikishaona hivyo mara kadhaa, inajifunza somo jipya.

Basi ligawe tendo lako kuwa vidato vitano au sita, kuanzia kile cha hofu 2 au 3 hadi kile cha mwisho.

Nichukue feri ya Likoni kwa kirefu, kwa kuwa wanaoiogopa ni wengi kuliko wanaosema. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mtongwe, Aprili 1994, walizama watu 272. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, na mama na mtoto wake wakafa maji. Siku hizi mwenye gari anaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, lakini anayefanya kazi kisiwani na kulala Likoni hana namna hiyo kila siku. Atahama, ataacha kazi, au atavuka.

Ngazi yake iwe hivi:

1. Nenda na mwenzako upande wako wa kivuko saa nne asubuhi, watu wakiwa wamepungua. Simameni mbali na lango, mtazame feri tatu zikipakia na kushusha. Msivuke. Rudini nyumbani.
2. Ingieni sehemu ya kusubiria, mkae humo. Feri ije, iondoke. Msivuke.
3. Vukeni pamoja saa hiyo hiyo. Ukipanda, tazama jaketi za kuokolea zilipo, simama mbali na magari, shika chuma, anza pumzi ya hatua ya 3. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache.
4. Vukeni pamoja, lakini yeye asimame mbali, umuone tu.
5. Vuka peke yako saa nne asubuhi, yeye akikungoja ng'ambo.
6. Vuka peke yako asubuhi na mapema au jioni watu wanapotoka kazini.

Kwa anayetembea kwa miguu kivuko ni cha bure, kwa hiyo kidato kimoja kinaweza kurudiwa mara tatu kwa siku moja bila kugusa pesa ya unga. Usipande kidato kinachofuata hadi hofu ya hiki imeshuka walau nusu ya ilivyokuwa mwanzo. Mwenye kuruka kutoka cha kwanza hadi cha sita "kwa imani" mara nyingi hurudi akiwa ameogopa kuliko alipoanza, na akiwa na hasira kwa Mungu juu yake.

Hofu nyingine ngazi zake ni fupi. Kusoma somo kanisani: soma kwa sauti chumbani, soma mbele ya mwenzako, soma katika jumuiya ya watu wanane, nenda kanisani siku ya kazi usome ukiwa kwenye mimbari yenyewe viti vikiwa vitupu, kisha Jumapili. Kupima presha: pita mbele ya dispensari, ingia uulize bei tu, ingia na mwenzako yeye apimwe, kisha upimwe wewe. Kuhusu presha niongeze kwamba mara nyingi haina dalili yoyote, kwa hiyo kusema "mbona najisikia vizuri" hakukujibu kitu.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kula. Mahamri na mbaazi, uji, chochote, lakini usiende na tumbo tupu. Chai ya rangi kali au kahawa chungu vikombe vitatu uviache mpaka jioni, kwa sababu navyo huukimbiza moyo.

Mjulishe mwenzako saa. Ondoka mapema, haraka na hofu mwilini hufanana, na ukichelewa hutajua ni ipi inayokutoa jasho.

Hofu itakuja. Mate yatakauka, viganja vitalowa, sauti moyoni itasema "rudi, utakuja kesho." Usibishane nayo. Sema ombi lako fupi, anza pumzi, na usogee hatua moja zaidi. Ikizidi sana, simama ulipo lakini usigeuke. Kukimbia ukiwa kileleni ndiko kunakoilisha. Ngoja ishuke hata kidogo, kisha ukitaka kuondoka ondoka. Umeshapata ulichokifuata.

Matokeo hayako mikononi mwako. Mwenye nyumba anaweza kukataa. Presha inaweza kuwa juu kweli. Ukiwa umeahidiwa kwamba imani italainisha kila mtu mbele yako, siku hiyo utaanguka. Vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza "Bali kama si hivyo." Hawakuwa na hakika ya namna watakavyotoka, ila walijua watakachofanya.

Utajua umefaulu kama ulifanya ulichoandika. Hata sauti ilitetemeka. Hata machozi yalitoka. Hata alifoka.

## Hatua ya 7: Usiku, andika mistari mitatu

Ulichodhani kitatokea. Kilichotokea. Namba ya hofu kabla na baada. Kisha shukuru kwa kitu kimoja ulichokiona kwa macho, kwa mfano "alifoka, lakini alichukua ile nusu."

Usiruke hili. Hofu ina kumbukumbu ya upande mmoja: siku moja mbaya inaihifadhi miaka, siku kumi njema inazifuta. Daftari ndilo shahidi wako, na wiki ya tatu ukilisoma kutoka mwanzo utaona mambo uliyokuwa umeshayasahau.

## Na hofu ya majini na mapepo?

Siwezi kuandikia watu wa Mombasa nikaipita hii. Mtu ametoka bara, kabla hajashuka basi Mwembe Tayari ameshaonywa: usiokote kitu njiani, usiongee na mwanamke mzuri usiku, paka huyo si paka. Miaka kumi baadaye bado anaamka saa tisa usiku mlango ukigongwa na upepo.

Sina haja ya kubishana na yeyote kuhusu viumbe visivyoonekana; Biblia yenyewe inavitaja. Ninachokataa ni Mkristo kuishi kana kwamba vina kauli ya mwisho. "Yeye aliye ndani yenu ni mkuu kuliko yeye aliye katika dunia," anasema 1 Yohana 4:4. Ukiliamini hilo, hatua ni zile zile. Andika unachoogopa kwa sentensi moja. Omba mara moja kabla ya kulala, si mara tisa kwa kuzunguka vitanda. Taa izimwe kwa vidato: kwanza iwake ukumbini tu, kisha mlango uwe wazi nusu, kisha giza. Acha kusikiliza visa hivyo baada ya jua kutua, na hasa zile rekodi za sauti zinazotumwa usiku.

Na jirani yako Mwislamu usimfanye sehemu ya hofu hiyo. Naye anamwomba Mungu amlinde na mambo yale yale, na mtoto wako akiugua usiku ndiye atakayekutafutia tuktuk.

## Ukirudi nyuma

Utarudi. Umevuka feri mwezi mzima, siku moja mawimbi yanapiga kidogo na unajikuta umegeuka langoni. Usianze upya kutoka sifuri wala usitafute dhambi iliyosababisha. Shuka kidato kimoja, kirudie siku mbili tatu, panda tena. Yule baba wa Marko 9 alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa siku hiyo hiyo.

Ukikwama kidato kimoja zaidi ya wiki mbili, mara nyingi ni kwamba kidato ni kirefu mno. Kikate viwili. Ukikata na bado hakisogei, rudi kwenye sentensi ya hatua ya 1 uulize tena "halafu?", huenda unachoogopa hukukiandika. Na kama hata hapo hakuna kinachosogea, muone mshauri nasaha au daktari, ukiwa na daftari mkononi. Litamwokolea muda mwingi.

Hofu ya kwanza ikishuka hadi 2 au 3, usingoje ifike sifuri. Fungua ukurasa mpya, andika ya pili, na umpigie simu yule mama umwambie Alhamisi ana kazi nyingine.